Kopo la Makaa Lililotupwa Masimba

Kabla mashine ya kusoma makosa ya gari haijafika kwetu Masimba, huku Gusii, uvujaji wa petroli ulitafutwa kwa pua. Fundi aliyenifunza kazi pale Keroka, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakushika spana gari lilipoingia gerejini. Alihakikisha kwanza kwamba sigara zimezimwa na jiko la mama wa chai limesogezwa mbali, kisha akainama nyuma ya gari, akavuta hewa, akaifuata polepole hadi kwenye boneti. Petroli inayodondoka haikunuka sawa na mvuke uliotuama, na ile iliyoungua nusu ikatokea kwenye ekzosi ilikuwa jambo jingine kabisa. Aliweza kukuambia, kabla ya kufungua chochote, kama ni gasketi ya pampu au ni mpira wa tangi uliopasuka. Ufundi huo ulikuwa na heshima yake na sitaki usahaulike. Lakini historia ninayoiandika hapa inaanzia pale pua ile ilipofika mwisho wa uwezo wake.

Magari yetu ya wakati huo yalikuwa Peugeot. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. 504 ikaja kushinda 1975 na 1978. Hakuna mwenye matatu huku Gusii aliyehitaji kushawishiwa zaidi ya hapo. Zilipanda kutoka Kisii kupitia Keumbu hadi Keroka zikiwa zimejaa watu, ndizi na kuku, na zote zilinuka petroli. Tangi lilipumua moja kwa moja hewani kupitia kitundu au mpira mfupi. Kabureta nayo ilipumua, hasa injini ikizimwa ingali moto. Jua likipiga, petroli iligeuka mvuke na mvuke ukaenda zake. Gari zima lilikuwa limeundwa livuje namna hiyo, kwa hiyo fundi hakuwa na la kutafuta. Uvujaji alioujua ulikuwa wa tone linaloonekana chini. Huu mwingine, wa mvuke, ulikuwa bado haujafanywa kosa.

Mvuke ulijulikana kwa ubaya mmoja tu, nao ni kulizima gari mlimani. Matatu iliyotoka Homa Bay, kando ya ziwa ambalo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilipitia Rongo na Kisii ikipanda muda wote. Kufikia vilima vyetu, vinavyokaribia mita 2,000, hewa imepungua uzito, injini imewaka, na petroli inachemka ndani ya pampu. Pampu iliyojaa mvuke haivuti kitu. Makanga alishuka na kitambaa, akakichovya kwenye maji ya mtaro, akaifunga pampu nacho, na abiria wakangoja chini ya mti mpaka ipoe. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiba yote, na ilifanya kazi.

Petroli yenyewe ilikuwa na risasi. Tuliosha mikono nayo jioni ili grisi itoke. Mafuta yakihitajika kuhamishwa, mwanagenzi mdogo kuliko wote ndiye aliyeyanyonya kwa mpira hadi yakamjaa mdomoni. Hakuna aliyetuambia kwamba risasi inaingia mwilini na kukaa huko. Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 ndio ulioziunganisha nchi za Afrika kusini mwa Sahara katika ahadi ya kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Ushindi huo ni mkubwa na hausimuliwi vya kutosha. Hata hivyo petroli isiyo na risasi bado ina benzini, ambayo husababisha saratani ya damu, na benzini haihitaji kunywewa. Mtu huivuta tu na hewa.

Mji uliofanya mvuke huo kuwa kosa ni Los Angeles. Julai 1943, vita vikiendelea, ukungu wa moshi ulishuka mchana kweupe, watu wakatokwa machozi barabarani, na baadhi yao wakadhani wameshambuliwa kwa gesi. Miaka ilipita kabla jibu halijapatikana. Aliyelipata ni Arie Haagen-Smit, Mholanzi mzaliwa wa Utrecht, mkemia wa chuo cha Caltech kule Pasadena. Kazi yake wakati huo ilikuwa kuchunguza ni vitu gani vinavyolipa nanasi harufu na ladha yake. Alichukua vyombo vilevile alivyokuwa akinasia harufu ya nanasi, akavuta kwavyo hewa ya mji, akapata matone machache ya maji ya kahawia yenye harufu mbaya. Mapema katika miaka ya 1950 alieleza kinachotokea: mvuke wa petroli na gesi za moshi wa injini, vikipigwa na jua, huzaa ozoni na vitu vingine vinavyowasha macho na kuharibu mimea. Kampuni za mafuta zilimpinga kwa miaka. Mwaka 1968 aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya hewa ya California. Nampenda sana mtu huyu. Alianza na harufu, kama fundi wangu wa Keroka, lakini hakuishia kuijua ilikotoka. Alitaka kujua inakwenda wapi ikishatoka.

Vitabu vya ufundi husema kwamba katika gari la zamani lisilo na kinga yoyote, karibu sehemu moja ya tano ya petroli iliyopotea hewani bila kuungua ilitoka kwenye tangi na kabureta, na sehemu fulani ya hiyo ilipotea gari likiwa limesimama tu. California ikaagiza kwamba magari ya mwaka 1970 yawe na njia ya kuushika mvuke huo, na mwaka uliofuata agizo likawa la Marekani nzima. Wahandisi walijibu kwa kopo la makaa.

Nieleze kopo hilo taratibu, kwa sababu mambo yote yaliyotokea baadaye huku kwetu yalitokana na watu kutoelezwa. Ni kopo jeusi, la ukubwa wa mtungi mdogo, lililojaa makaa yaliyotengenezwa kwa namna maalumu, mara nyingi kwa vumbi la mbao, yakachimbwa vijitundu visivyoonekana kwa jicho. Gramu moja ya makaa hayo, ukiikunjua kuta zake zote za ndani, ina eneo linalozidi mita 1,000 za mraba, yaani shamba la robo ekari. Hapa Gusii, ambako ndugu wamefikishana kortini kwa ajili ya robo ekari, nikimwambia mteja hivyo ananyamaza na kulitazama kopo upya. Mvuke wa tangi huingia humo kwa mpira na kunaswa kwenye kuta hizo. Gari likianza kutembea, valvu ndogo hufunguka, injini hufyonza hewa safi kupitia makaa, na hewa hiyo huuchukua mvuke ikaupeleka injini kuchomwa. Petroli iliyokuwa ipotee huendesha gari. Makaa husafishika na kungoja tena. Mfumo huu unataka jambo moja tu: ukiacha mlango wa kopo wa kuingizia hewa safi, usiwe na tundu popote, kuanzia kifuniko cha tangi hadi valvu ile.

Ndipo uvujaji wa mvuke ulipozaliwa kama kosa. Kampuni ya General Motors ilibuni chumba kilichofungwa pande zote, gari likaingizwa humo likiwa na mafuta, na mvuke uliotoka ukapimwa kwa gramu. Mwaka 1978 Serikali ya Marekani ilifanya kipimo hicho kuwa sheria, na kufikia 1981 gari halikuruhusiwa kuzidisha gramu 2 kwa kipimo kizima. Fikiria Peugeot zetu zilivyokuwa zikinuka mwaka huohuo!

Kopo la makaa lilifika Masimba bila maneno yote hayo. Lilifika ndani ya Nissan B12 na B13, ndani ya Toyota ambazo watu walizoea kuziita 100 na baadaye 110, magari yaliyotumika Japan yakaletwa kwa meli hadi Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Kenya ililegeza leseni za uagizaji na udhibiti wa fedha za kigeni, na yakaanza kumiminika. Mwalimu mkuu, karani wa kiwanda cha chai, mwenye duka la pembejeo, kila mmoja aliweza kuota gari. Vitabu vya gari, kama vilikuwemo, viliandikwa kwa Kijapani. Fundi alifungua boneti akakuta mipira mingi kuliko aliyoizoea, na kopo jeusi ambalo halikushikana na kitu chochote alichokijua.

Wakalikata. Hiyo ndiyo desturi ninayotaka kuiweka kwenye maandishi, kwa kuwa ilidumu karibu kizazi kizima na bado haijaisha. Gari likitetemeka likiwa limesimama, kopo lilikuwa la kwanza kushukiwa. Likitolewa, mipira iliachwa wazi au ikazibwa kwa boliti na waya. Hoja ya mafundi haikuwa ya kijinga: Peugeot ilitembea miaka yote bila kopo, kwa nini hii ilihitaji? Lakini Peugeot ilikuwa na tundu lake la kupumulia. Gari jipya, kopo likiisha kuzibwa, halikuwa na pa kupumulia. Injini ilivuta petroli, tangi likajinyonga kwa ndani, na gari likazima kwenye mlima wa kwanza. Dereva alifungua kifuniko, akasikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, akaondoka tena. Basi mafundi wakagundua dawa ya pili, nayo ni kutoboa kifuniko kwa msumari. Na sisi tunaishi kwenye vilima vinavyopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Maji yaliingia kwa tundu la msumari, yakatuama chini ya tangi, yakaleta kutu, yakaua pampu. Mteja alilipa mara ya tatu kwa kosa lililoanza na kopo lisilokuwa na hatia.

Vifuniko vyenyewe vilipotea. Kwa muda mrefu tangi lilizibwa kwa karatasi ya nailoni iliyofungwa na mpira wa baiskeli. Nailoni zilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, nikaanza kuona gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa. Gunzi hilo limelowa petroli, liko nje, kando ya barabara ambako watu wanachoma mahindi.

Hapa sina budi kusema jambo zito. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi na kutawanyika kama moshi wa kuni. Hutambaa chini, hujaza mtaro, hufuata ukuta wa nyumba mpaka ukutane na moto, kisha moto unarudi kwa njia uliyoijia mvuke. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, watu walikuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka, na zaidi ya 100 wakafa kwa mlipuko mmoja. Nchi nzima ililia. Tangi la Toyota Probox ni dogo, ndiyo, lakini sheria ya mvuke ni ileile, na Probox ya Keroka hubeba watu hadi kwenye buti, karibu na tangi hilohilo.

Probox ilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 2002, na kwa kuwa kiwango chetu cha KS 1515:2000 hakiruhusu gari lililozidi miaka minane kuingia nchini, zilianza kutufikia kwa wingi zikiwa bado na afya. Kufikia wakati huo Marekani ilikuwa imepiga hatua nyingine. California ilikuwa imedai tangu miaka ya 1980 kompyuta ya gari ijichunguze yenyewe, na kuanzia magari ya mwaka 1996 nchi nzima ikafuata. Kompyuta hizo zilitakiwa kugundua tundu la milimita 1 popote kwenye mfumo wa mvuke, na baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, la nusu milimita. Gari hujifunga, hujipima kama hewa inashikika, na isiposhikika huwasha taa ya injini na kuandika namba: P0455 kwa tundu kubwa, P0442 kwa dogo, P0456 kwa dogo kabisa. Baadhi ya Toyota za soko la Marekani zina pampu inayoamka saa tano baada ya gari kuzimwa, ikapima katika ukimya wa usiku.

Magari mengi yaliyotengenezewa soko la Japan hayakupewa kipimo hicho. Yana kopo, yana valvu, lakini hayana mlinzi. Vijana wa gereji zetu wamenunua vidude vya bei nafuu vya kusoma kompyuta kwa simu, na ni jambo jema, ila wamezoea kumwambia mteja kwamba kama hakuna namba hakuna kosa. Kwa mfumo huu si kweli. Probox inaweza kupoteza mvuke mwaka mzima na taa isiwake hata siku moja. Na hata gari lenye kipimo, namba haisemi tundu liko wapi. Inasema tu kwamba lipo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikwenda Minnesota kama walivyokwenda Abagusii wengi, akaingia kazi ya gereji huko. Yeye ndiye aliyenieleza kwa simu habari ya mashine ya moshi. Mafuta mepesi ya madini hupashwa moto hadi yawe moshi mweupe, moshi husukumwa ndani ya mfumo uliozibwa kwa nguvu ndogo sana, na fundi huzunguka na tochi mpaka auone ukichomoza. Mashine hizo zilienea kwa mafundi wa Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1990. Nilimuuliza maswali mengi kuhusu moto, na jibu lake nalisisitiza kwa kila kijana anayetaka kujitengenezea mashine kwa kopo la rangi na plagi ya kupashia ya injini ya dizeli: hewa ya kawaida ikichanganyika na mvuke wa petroli inaweza kulipuka. Wanaofanya kazi vizuri husukuma moshi kwa naitrojeni, na kitu chochote cha moto hukaa mbali na tangi. Huku kwetu naitrojeni inapatikana kwa wajaza tairi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhatarisha maisha.

Lakini kabla ya moshi mimi hutumia maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaguzi wa Marekani waliwekewa kipimo rahisi: jaza hewa kwenye tangi mpaka isukume maji inchi 14, yaani kama sentimita 35, funga, ngoja dakika 2. Maji yakishuka zaidi ya inchi 6, kama sentimita 15, gari limeanguka. Kipimo hicho kinaweza kufanyika Masimba kwa mrija wa plastiki ulio wazi, uliokunjwa kwa umbo la U juu ya ubao wenye rula, na kwa kipira cha mashine ya kupimia presha ya damu. Kipira hicho hupandisha presha polepole, na ikizidi maji hurushwa nje ya mrija ulio wazi kabla tangi halijaumia, ilhali mashine ya kujazia tairi huweza kulipasua kufumba na kufumbua.

Nitaeleza kazi moja jinsi ilivyokwenda. Dereva kijana wa njia ya Kisii alikuja na Probox, akasimama mbali kidogo kwa adabu.

“Tata, hii gari inakunywa. Na jana mama mmoja ametapika ndani.”

“Inanuka ukijaza tangi, ama hata likiwa nusu?”

“Nikijaza, tata. Likishuka nusu inatulia.”

“Na vioo vikiwa wazi?”

“Ndio mbaya zaidi.”

Majibu hayo mawili yalikuwa nusu ya kazi. Harufu inayokuja tangi likijaa tu inaelekeza juu ya tangi, kwenye shingo ya kujazia au gasketi ya pampu, kwa sababu chini ya hapo kungedondoka. Vioo vikifunguliwa gari likienda, hewa ya ndani hunyonywa nje na nyingine kuingia kupitia mlango wa nyuma wenye mpira uliochoka, na hewa ya nyuma ndiyo iliyobeba mvuke. Mama aliyetapika alikuwa amekaa nyuma.

Nilimwuliza tena alikojazia mafuta. Alisema Kisii. Basi, nikamwambia afungue kifuniko tusikilize. Gari lililojazwa chini likapanda hadi kwetu linapaswa kuwa na pumzi kidogo ndani, kwa kuwa petroli imepata joto na hewa ya nje imepungua nguvu. Tangi lake halikusema kitu. Lilikuwa limekwisha kupumua njiani.

Tulingoja injini ipoe kabisa. Sili ya kifuniko ilikuwa nzima. Nikautafuta mpira wa kopo unaovuta hewa ya nje, maana kwenye gari la Japan mara nyingi uko wazi tu bila valvu ya umeme, nikauziba kwa kizibo. Nikaubana ule wa kwenda injini. Maji yakapanda hadi sentimita 35 na yakaanza kushuka yakitazamwa. Dakika haikuisha, yalikuwa chini ya nusu. Tundu hilo halikuwa dogo.

Moshi ulipoingia, ulitokea mahali ambapo hakuna mtu angeinama kupaangalia: juu ya gurudumu la nyuma, ndani ya ukuta wa plastiki. Udongo wetu mwekundu ulikuwa umejikusanya humo msimu baada ya msimu, ukakaa na unyevu, ukaila shingo ya chuma ya tangi kwa upande wa juu. Upande wa chini, ambao fundi aliyetangulia alikuwa ameukagua na kuupaka povu la sabuni, ulikuwa mzuri. Tulipata shingo nyingine kwenye gari lililovunjwa Kisii, tukaisugua, tukaipaka rangi ya kuzuia kutu, tukaifunga kwa klipu mpya. Maji yakakaa. Dereva aliyatazama dakika zote mbili bila kupepesa.

Visa vingine vina wenyeji tofauti. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya mrija wa kupumulia, na buibui hufuma humo. Asidhani mtu kwamba hiyo ni shida ya vijijini. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita tena makumi ya maelfu ya magari yake ya Mazda6 huko Amerika Kaskazini kwa sababu aina fulani ya buibui wa manjano alikuwa akifuma kwenye mpira wa kopo la makaa, na tangi kwa kukosa pumzi likaweza kupasuka. Mwaka 2014 wakayaita mengine. Huku kwetu msababishi mkubwa ni mwenye gari anayemwambia kijana wa kituo cha mafuta ajaze mpaka ionekane mdomoni. Petroli ya maji huingia kwenye kopo, makaa hulowa, na makaa yaliyolowa hayanasi tena mvuke. Bomba la kituo likijifunga lenyewe, tangi limejaa. Naliomba jambo hili kwa kila anayesoma.

Watu walibadilika mawazo kwa sababu ya bei kuliko kwa sababu ya maneno yangu. Septemba 2023 lita ya petroli ilivuka shilingi 211 kule Nairobi na Oktoba ikavuka 217, huku kwetu pia ikipanda, na ghafla madereva ambao waliishi na harufu miaka yote wakaanza kuuliza inatoka wapi. Kopo lililokuwa likitupwa sasa lina bei kwa wauza spea. Wapo mafundi wa Keroka na Kiamokama wanaoniletea magari kwa ajili ya kipimo cha maji tu, na wengine wamejitengenezea ubao wao wenyewe, jambo linalonifurahisha kuliko malipo.

Magari mengine yako njiani. Mitsubishi Outlander ya umeme na petroli, ambayo Wajapani waliianza mwaka 2013, ina tangi linalofungwa kabisa, kwa kuwa injini yake inaweza kukaa siku nyingi bila kuwaka na hivyo haiwezi kuyasafisha makaa kila safari. Ukitaka kujaza, unabonyeza kitufe na kungoja presha itoke ndipo mlango wa mafuta ufunguke. Chache zimeanza kuonekana kwenye barabara ya Sotik. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza ni mpira upi wa kukata ili lifunguke haraka. Tumepata mfumo mzima wa gari kama hilo lililopata ajali, na Jumamosi alasiri, baada ya magari ya chai kupita, vijana wa gereji zote wamealikwa tuulaze mezani na kuufuata mpira kwa mpira, kutoka tangi hadi injini, kabla la kwanza la mteja halijaletwa hapa likiwa na shida.